Kiti Kiligoma, Kisha Stata Ikasema Tak

Mume wangu ni mrefu, mimi ni mfupi. Nyumbani jambo hilo halina uzito wowote, lakini kwenye gari moja linaloendeshwa na watu wawili lina uzito mkubwa. Yeye akishuka, kiti cha dereva kinabaki kimerudi nyuma hadi mwisho na kimelala chini. Mimi nikipanda nabonyeza kitufe cha ubavuni, kiti kinanguruma kidogo, kinanisogeza mbele na kuniinua mpaka barabara naiona yote. Gari letu ni saluni ya Kijapani ya mwaka 2006, lilitufikia likiwa limeshatumika, na kwa miaka minne kiti hicho kilifanya kazi bila mtu yeyote kukifikiria.

Asubuhi moja ya masika nilibonyeza kama kawaida. Kikanguruma, kikasogea upana wa vidole vinne, kikanyamaza. Nikabonyeza tena, kimya. Mama yangu alikuwa ameshakaa kando yangu, kadi ya kliniki mkononi, na miadi yake Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga, ilikuwa saa mbili. Kutoka kwetu Pongwe mpaka hospitali si mbali, nikajiambia tutafika. Nikachukua mto wa sebuleni nikauweka mgongoni, nikaendesha nimekaa kwenye ncha ya kiti, breki naigusa kwa vidole vya mguu. Sikufanya vizuri, na nalisema wazi kwa sababu najua wengi wanaendesha hivyo. Breki inataka unyayo. Kama mtoto angekatiza barabara pale Majani Mapana nisingeweza kukanyaga kwa nguvu zangu zote, na mto ule ungeteleza.

Tulipotoka kliniki, saa nzima na zaidi imepita, nikabonyeza kile kitufe kwa mazoea tu. Kiti kikaja mbele chote, bila kusita. Nikamshukuru Mungu nikasahau. Kesho yake kikafanya vilevile: kikasogea kidogo, kikafa, na baada ya muda kikafufuka.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alikuwa kijana. Alibonyeza mara mbili, akasikiliza, akasema, "Dada, mota imeungua hii. Mota peke yake huipati, tutafute kiti kizima cha mtumba." Akanitajia bei ya kiti kizima. Simlaumu sana, maana ndivyo kazi inavyofundishwa kwenye gereji nyingi: kitu kikigoma, kibadilishwe. Ila nilijiuliza swali moja ambalo halikutaka ufundi wowote. Kitu kilichoungua kinafufukaje?

Swali hilo nilikwenda nalo Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni umeme wa magari na si kingine. Hagusi injini, hagusi breki. Ana meza moja ya mbao, mita moja ya kupimia, na betri ndogo ya pikipiki ambayo ni kama mkono wake wa tatu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," nikamweleza. Akauliza kitu kimoja tu: "Kinakufa, au kinazimia?"

Nikamwambia kinazimia, kisha kinazinduka.

"Basi mota yako nzima," akasema. "Ingekuwa imeungua isingezinduka. Inazimia kwa sababu imelemewa."

Maelezo yake niliyafuatilia baadaye kwa kusoma, na yako hivi. Kiti cha umeme kina mota kadhaa ndogo: moja ya kukipeleka mbele na nyuma, moja ya kulaza mgongo, na kwenye viti vyenye madoido zaidi, mbili za kuinua kikalio mbele na nyuma. Kila moja inapewa volti 12 na waya mbili. Ukiwa hujabonyeza chochote, waya zote mbili zimegusa ethi, yaani bodi ya gari. Ukibonyeza mbele, swichi inaing'oa waya moja kwenye ethi na kuipa moto wa betri, mota inazunguka upande mmoja. Ukibonyeza nyuma, ile ya pili ndiyo inayopewa moto, mota inazunguka upande wa pili. Ndiyo maana kiti kinachokwenda mbele lakini hakirudi nyuma kwa kawaida kina ugonjwa wa swichi. Mota haijui mbele wala nyuma, inafuata tu umeme ulikotokea. Na kiti kilichokufa mambo yote kwa pamoja, hakilali, hakiendi, hakiinuki, uanzie kwenye fyuzi na waya wa ethi, maana si rahisi mota nne zife siku moja.

Mota ikizuiwa isizunguke, umeme unaoingia unapanda ghafla na mota inaanza kuchemka. Kwa hiyo waliotengeneza mota za viti waliweka ndani yake kinga ndogo inayohisi joto. Joto likizidi, inakata. Ikipoa, inaruhusu tena. Kuzimia kwa kiti changu kulikuwa ni kinga hiyo ikiokoa mota, kila asubuhi, na yule kijana alitaka kuitupa mota iliyokuwa inajiokoa vizuri kabisa.

Kilichobaki ni kujua imelemewa na nini. Hapo ndipo nilipokaa kwenye kigoda nikaangalia kazi kwa saa mbili.

Jambo la kwanza alilofanya mzee lilikuwa kuondoa waya wa hasi kwenye betri ya gari, kisha akakaa. Nikadhani anapumzika. Alikuwa anahesabu. Chini ya viti vya magari ya siku hizi kuna plagi za rangi ya njano, na njano hiyo ni onyo: waya zake zinakwenda kwenye mifuko ya hewa na kwenye vifaa vya kukaza mikanda, vitu vinavyolipuka kwa baruti. Hata betri ikishaondolewa, kifaa kinachoviongoza kinabaki na akiba ya umeme kwa muda. Vitabu vya ufundi vinataka angalau sekunde 90 za kusubiri. Yeye alisubiri dakika tano. Na zile plagi za njano hakuzigusa na mita hata kidogo, kwa sababu hata ule umeme mdogo wa mita unaweza kuamsha kilichomo. Kama fundi wako anaingiza mkono chini ya kiti huku swichi ya gari imewashwa, mwombe asimame. Usione haya.

Kiti kimeshikwa na bolti nne kwenye sakafu, mbili mbele, mbili nyuma. Za nyuma unazifikia kiti kikiwa mbele, za mbele unazifikia kiti kikiwa nyuma. Sasa kiti kilichokwama utakitoaje? Ile betri ya pikipiki ndiyo jibu. Alichomoa plagi ya mota peke yake, akaunga waya zake mbili zenye fyuzi katikati, akaipa mota umeme moja kwa moja, kidogo kidogo, akisubiri ipoe kila inapozimia. Kiti kikasogea, bolti zikatoka, na tukakiinua wawili tukakilaza kwenye mkeka wa nylon. Kizito kuliko nilivyofikiri.

Chini yake ilikuwa aibu ya miaka minne. Mchanga wa Raskazone, ambao watoto huja nao miguuni kila Jumapili, ulikuwa umejaa kwenye reli zote mbili. Grisi ya asili ilikuwa imekauka, imekuwa nyeusi na ngumu kama lami, na mchanga umegandamana nayo. Kulikuwa na pini ya nywele, kofia ya kalamu, na sarafu ya shilingi 200 iliyosimama wima ndani ya reli ya kulia, imechubuka ukingo kwa kusagwa. Kila niliposogeza kiti, mota ilikuwa inajaribu kutafuna ile sarafu.

Kuna kitu kingine ambacho nisingekijua bila kukiona. Mota ni moja na iko upande mmoja, lakini reli ni mbili, na kila reli ina msumari mrefu wa uzi kama wa jeki. Nguvu inavuka kutoka mota kwenda reli ya pili kwa waya mnene unaopindika, unaozunguka ndani ya ala yake, kama ule wa spidi wa pikipiki za zamani. Reli moja ikikabwa na nyingine ikiendelea, kiti kinakaa mshazari, na kikishakuwa mshazari kinajikaba chenyewe. Chetu kilikuwa kimeanza hivyo, kama milimita sita upande wa kulia. Mzee alichomoa ule waya, akauzungusha msumari wa kulia kwa vidole mpaka reli zote mbili zikawa sawa kwa rula, ndipo akaurudisha. Angefunga bila kusawazisha, tungesafisha bure.

Usafi wenyewe ulikuwa mswaki wa zamani, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, na subira. Kisha grisi nyeupe, nyembamba, kwenye misumari na mahali panaposuguana tu. Nilimuuliza kwa nini asimwagie oili, iko tele. Akasema oili inashuka kwenye kapeti, na inayobaki inaita vumbi. Mwisho akakirudisha kiti, akafunga plagi zote, zile za njano kwanza, na betri ya gari mwisho kabisa. Kama ungewasha swichi wakati plagi ya njano iko nje, taa ya mfuko wa hewa ingewaka kwenye dashibodi na ingekataa kuzimika mpaka ifutwe na mashine.

Kiti kikaenda mbele. Sauti yake ilikuwa imebadilika, nyepesi, haina ule mngurumo niliouzoea. Nilikuwa nimeuchukulia mngurumo ule kuwa ndiyo sauti ya kiti cha umeme, kumbe ulikuwa malalamiko.

Gharama ilikuwa ya kazi na kopo la grisi.

Miezi mitano baadaye nilikuwa soko la Mgandini, buti limejaa ndizi na samaki, jua la saa saba. Nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Tak. Sauti moja, nzito, kutoka mbele, kisha hakuna kitu. Dashibodi inawaka, redio inaimba, injini imelala. Nikabonyeza tena. Tak.

Anayekwama sokoni hakosi washauri. Mmoja akasema betri imekufa, na ana jamaa anauza. Wa pili akawaita vijana wanne walisukume. Nikawazuia, na hili naomba lifike kwa kila mwenye gari la otomatiki: gari la namna hiyo haliwaki kwa kusukumwa. Ndani ya gia boksi yake nguvu inapitishwa na mafuta yanayosukumwa na pampu, na pampu hiyo inazungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imelala, pampu imelala, na matairi hayana njia ya kuizungusha injini hata mkisukuma mpaka Tongoni. Wa tatu alikuwa ameshaokota jiwe aigonge stata, ile mota inayoizungusha injini mpaka iwake. Hilo linafanya kazi wakati mwingine, sikatai, maana vitu vilivyolegea ndani vinashtuka na kukutana. Ila stata nyingi zina sumaku zilizobandikwa ukutani mwake, na sumaku ikipasuka umenunua stata.

Nikampigia mzee simu. Akasema, "Washa taa za mbele. Mtu asimame mbele aziangalie. Halafu bonyeza."

Nikabonyeza. Tak.

"Zimefifia, au zimebaki vilevile?"

Mama muuza nazi aliyekuwa anaziangalia akajibu mwenyewe: "Ziko vilevile, mwanangu."

"Basi betri usiiguse," mzee akasema kwenye simu. "Endelea kubonyeza taratibu, itakubali. Ikikubali usizime mpaka kwangu."

Ilikubali mara ya nane.

Nimelifikiria mara nyingi swali lake la taa, kwa sababu lilifanya kazi ya mita akiwa mbali. Stata ya injini ya petroli kama yetu inakula umeme wa ampea 100 hadi 200 inapozungusha. Taa ya mbele ya kawaida haifiki ampea tano. Kwa hiyo ukiwasha injini ni kama umewasha taa ishirini hadi arobaini kwa mpigo mmoja, na ni lazima zile mbili zilizokuwa zinawaka zione njaa. Zikififia sana na stata ikatetemeka tatata-tatata-tatata, umeme unatakiwa lakini hautoshi: betri imeishiwa, au vichwa vya betri vina kutu. Huku kwetu pwani kutu hiyo ni ya kila mwaka, chumvi inakuja na upepo. Zisipofifia kabisa, ina maana ule mzigo mkubwa haujabebwa. Umeme upo, umefika mlangoni, mlango haujafunguka.

Na kukiwa kimya kabisa, bila tak wala tatata, ugonjwa uko nyuma zaidi, kwenye vitu vinavyotoa ruhusa. Gari la otomatiki halikubali kuwaka mpaka liamini kwamba gia iko P au N, na lile la kitufe linataka liamini pia kwamba umekanyaga breki. Linaamini hivyo kupitia swichi ndogo juu ya pedali, ileile inayowasha taa nyekundu za nyuma. Muombe mtu aangalie taa hizo ukikanyaga. Zisipowaka, umeshapata mwizi. Kitabu cha gari letu kinatoa njia ya dharura: gia kwenye P, breki ya mkono juu, bonyeza kitufe mara moja bila kukanyaga breki ili redio iwake, kisha kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kitufe kwa sekunde kama 15. Na kama betri ya rimoti ndiyo imekufa, igusishe rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia. Watu wamevutwa na magari ya kukokota kwa kutojua hilo.

Pale Ngamiani stata yangu ilifunguliwa juu ya ile meza ya mbao. Nilitaka kuuona huo mlango.

Stata ni vitu viwili vilivyoshikana. Kimoja ni mota yenye nguvu. Cha pili, kimekaa juu au pembeni, ni solenoidi, na hiyo ndiyo inayosema tak. Ukibonyeza kitufe, umeme mdogo unaingia kwenye koili za solenoidi, yaani waya zilizozungushwa mara nyingi. Koili ni mbili, moja ya kuvuta na moja ya kushikilia. Zikishirikiana zinavuta chuma kilicho katikati, na safari hiyo moja ya chuma, fupi kuliko kucha ya kidole gumba, inafanya kazi mbili. Inasukuma nje gia ndogo yenye meno machache mpaka ishike meno ya gia kubwa iliyoizingira flaiwili, gurudumu linalozunguka pamoja na injini. Na mwisho wa safari, kisahani cha shaba kilicho kwenye chuma hicho kinabana vipande viwili vya shaba, kimoja kinachotoka kwenye waya mnene wa betri, kingine kinachokwenda kwenye mota. Hapo ndipo zile ampea 150 zinapopita. Injini inazungushwa mara kama 200 kwa dakika, inawaka, na gia ndogo ina klachi ya njia moja inayoiruhusu kuteleza ili injini ikichomoka kwa kasi yake isiirushe mota. Ukiachia, springi inarudisha kila kitu.

Vile vipande viwili vya shaba mzee aliviweka kiganjani mwangu. Kimoja kilikuwa bado kinene. Kingine kilikuwa kimeliwa upande mmoja kama biskuti iliyong'atwa na mtoto, ukingo umekuwa mweusi, na kwenye kile kisahani palikuwa na alama ya duara, upande mmoja imezama, upande wa pili haijaguswa. Kila gari linapowashwa cheche ndogo inakula shaba kidogo, kwa miaka, mpaka siku kisahani kinafika mwisho wa safari yake na hakigusi. Gia imesukumwa, tak imesikika, mlango haujafunguka, kwa pengo la unene wa karatasi tu. Kikizunguka kidogo kikakuta mahali pasipoliwa, gari linawaka. Hiyo ndiyo mara yangu ya nane.

Vipande vipya vya shaba na kisahani chake vilinigharimu bei ya kilo mbili na nusu za nyama. Pale sokoni nilikuwa nauziwa betri.

Wakati anapaka grisi kidogo kwenye gia, mzee alinionyesha mkono wake wa kulia. Kifundo hakinyooki sawasawa. Alipokuwa kijana alikuwa utingo kwenye malori ya mashamba ya mkonge, na asubuhi kazi yake ilikuwa hendo: unachomeka chuma mbele ya injini, unazungusha kwa nguvu zako. Alifundishwa kutolizungushia hendo kidole gumba, gumba likae upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirudisha nyuma chuma kichomoke mkononi. Asubuhi moja aliisahau kanuni hiyo, na kifundo chake hakikupona vizuri.

Mikono ya namna hiyo ndiyo iliyoleta stata. Aliyeitengeneza ikafanya kazi kwenye magari ya kuuzwa ni Charles Kettering wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, na gari lililotoka nayo kiwandani ni Cadillac ya modeli ya 1912. Kabla yake wengi waliamini mota ya umeme yenye nguvu za kuzungusha injini ingekuwa kubwa karibu sawa na injini yenyewe, na mahesabu yao hayakuwa mabaya kwa mota inayofanya kazi kutwa. Kettering alikuwa ametoka kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha, ambako alikuwa ametengeneza mota ndogo ya kuendesha mashine hiyo badala ya mkono wa karani. Mota ile ilifanya kazi kwa muda mfupi sana, kisha ikapumzika. Akaona kwamba mota ya namna hiyo unaweza kuitwika mzigo ambao ungeiua kama ingeubeba kwa dakika kumi, mradi unaibebesha kwa sekunde chache tu, halafu unaiacha ipoe.

Nilipolielewa hilo, kiti changu na stata yangu vilikuwa ugonjwa wa ukoo mmoja. Mota zote mbili ni za kazi fupi. Ile ya kiti ilipewa sarafu ya kutafuna na ikazirai kwa kujihami. Ile ya injini haina kinga ya kuzirai. Anayeshikilia kitufe sekunde thelathini kwa hasira anaichemsha mpaka iungue kweli, na waya za betri pamoja nayo. Sekunde kumi, halafu uache ipoe kwa nusu dakika au zaidi, halafu ujaribu tena. Isipokubali mara tatu, ugonjwa hauko kwenye subira yako, tafuta chanzo.

Stata iliporudi kwenye injini, mzee hakuniambia niwashe. Alinipa mita. Akaniambia niweke ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye hasi, nisome. Nikasoma 12.6.

"Hiyo ni betri iliyolala," akasema. "Aliyelala hujui kama ana nguvu. Sasa angalia ninapowasha."

Akabonyeza yeye. Injini ikazunguka, namba ikaanguka, ikasimama kwa kitambo kidogo kwenye 10.7, kisha injini ikashika na namba ikapanda hadi 14.1, alteneta, ile jenereta ya gari, ikiwa imechukua kazi. Akanieleza kwamba ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kuzungusha, betri iangaliwe. Ikibaki karibu na 12 na injini haizunguki, ni ule mlango. Na kama betri imebaki juu lakini stata inazunguka kwa uvivu, pima waya mmoja mmoja wakati mtu anabonyeza, ncha moja huku na nyingine kule: waya mzima unaonyesha chini ya nusu volti, wenye kutu ndani unaonyesha zaidi, hata kama kwa nje unang'aa. Wa ethi, unaotoka kwenye hasi kwenda kwenye bodi na injini, ndio wa kwanza kuoza kwa chumvi yetu, na ndio wa mwisho kuangaliwa.

Nikamuuliza kama namba 10.7 ni nzuri.

"Ni ya gari lako, leo, likiwa zima. Iandike."

Nilichukua kalamu ya maka kwenye meza yake, nikaandika ndani ya kifuniko cha fyuzi: tarehe, 12.6, 10.7, 14.1. Nimenunua mita yangu, ndogo, ya sokoni. Mume wangu anabonyeza, mimi nasoma. Masika haya ilikuwa 10.5.